Atasahau

Dada aliyemlea mdogo wangu wa mwisho aliondoka nyumbani kwetu Amani kabla hakujapambazuka. Mkoba wake ulikuwa umefungwa tangu usiku. Kwao Pemba walimwita akaolewe, na boti ilikuwa inaondoka asubuhi. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, kalala ndani ya chandarua, kidole gumba mdomoni. Dada akainua chandarua ili ambusu, bibi yangu akamshika mkono kwa upole: "Mwache, mwanangu. Ukimwamsha atalia bure. Mtoto mdogo huyo, atasahau."

Bibi alikuwa mtu mwema, na neno alilolisema lingesemwa katika nyumba yoyote ya Unguja. Mama yangu alikuwa akienda kazini. Tangu mtoto alipotimiza arobaini na siku chache, ni huyu dada aliyemwogesha, aliyemkorogea uji, aliyemfunga mgongoni kwa kanga huku akipika. Mtoto alimwita "Ta", silabi moja iliyobanduliwa kutoka kwenye jina lake.

Alipoamka alikwenda moja kwa moja jikoni. Akasimama mlangoni, kashika pazia, akaita: "Ta!" Akangoja. Akaita tena. Siku hiyo alilia mpaka sauti ikamkauka, na siku ya pili hali ikawa hiyo hiyo. Siku ya nne au ya tano akawa kimya. Alikuwa akikaa sakafuni karibu na mbuzi ya kukunia nazi, mahali Ta alipokuwa akikaa mchana, hachezi wala hali vizuri. Baada ya wiki mbili hivi akaanza tena kucheka na kufukuza kuku uani. Watu wazima wakapumua. "Mnaona? Keshasahau."

Baada ya miezi minane Ta alikuja kutuamkia, kavaa buibui jipya, mume wake pembeni, mkononi kashika mfuko wa halua. Mdogo wangu alikuwa mtoto wa kwenda kwa kila mtu. Hata muuza maziwa alimnyooshea mikono. Alipomwona Ta aligeuza uso. Alipoitwa alijificha nyuma ya magoti ya mama. Alipobebwa kwa nguvu alijikaza kama ubao, macho kayaelekeza ukutani. Sebule nzima ilicheka, "Kakusahau huyo!", na Ta akalia machozi. Usiku ule mtoto aliamka mara tatu akipiga kelele.

Nimekaa na kumbukumbu hii miaka mingi, na kila ninavyoipima naona tulikosea hesabu. Mtu aliyesahauliwa huwa mgeni, na mtoto huyu aliwapenda wageni wote. Alimkataa mmoja tu, yule aliyekuwa akimjua kuliko wote.

*

Mwaka 1952 James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii katika kliniki ya Tavistock jijini London, alitengeneza filamu ya mtoto wa kike aitwaye Laura, mwenye umri wa miaka miwili na miezi mitano. Laura alilazwa hospitali siku 8 kwa ajili ya upasuaji wa ngiri ya kitovu. Zama zile hospitali za Uingereza ziliwabana wazazi kwa saa chache za kuona wagonjwa, nyingine zikiwakataza kabisa, kwa hoja kwamba mtoto akimwona mama hulia, na asipomwona hutulia. Laura hakuwa mtoto wa kulialia. Kinachouma katika filamu ile ni jinsi anavyojikaza: anauliza mama yuko wapi, anameza kilio, anamkumbatia dubu wake wa kuchezea, na kadiri siku zinavyokwenda anapoa.

Robertson alikuwa amewatazama watoto wengi wa namna hiyo, na aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hupinga: hulia, hutafuta, hukataa kufarijiwa. Kisha hukata tamaa, akawa mnyonge na mkimya. Mwisho hujitenga. Huanza kula, huwachekea wauguzi, na mama anapokuja humtazama kama mtu wa kupita. Wauguzi waliiita hatua hii ya tatu kupona. Robertson aliiona kuwa ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa kuwa hapo mtoto amejifunza kwamba kumhitaji mtu kunaumiza, na ameanza kujizuia asimhitaji. Madaktari wengi walimkasirikia. Lakini mwaka 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza, iitwayo ya Platt, ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao hospitalini bila vikwazo vile. Kwetu mama hulala wodini na mwanawe, kitanda kimoja, na hili ni jambo la kulishukuru, hata kama tulifika hapo kwa uhaba wa wauguzi pamoja na kwa hekima.

Robertson alifanya kazi pamoja na John Bowlby, daktari wa magonjwa ya akili ambaye mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto waliopoteza makwao baada ya vita. Bowlby ndiye aliyejenga nadharia nzima ya jambo ninalolizungumza, nami nitaliita fungamano: ule uzi unaomfunga mtoto mchanga kwa mtu au watu wachache mahususi, wasiobadilishika na wengine machoni pake. Alizaliwa London mwaka 1907 katika nyumba ya watu wenye uwezo, ambamo watoto walimwona mama yao kwa muda mfupi tu kwa siku, na malezi yote yalikuwa mikononi mwa mayaya. Yaya aliyempenda aliitwa Minnie. Minnie aliondoka Bowlby alipokuwa hajatimiza miaka minne, na akiwa mtu mzima alisema kuondoka kule kulimwumiza kama kufiwa na mama.

Niliposoma habari ya Minnie, nilimkumbuka Ta.

*

Wasomaji wengi watadhani elimu hii imezaliwa London na Marekani, ikaletwa kwetu kwenye masanduku. Shina lake moja liko Afrika Mashariki, katika vijiji vya pembezoni mwa Kampala.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekulia Toronto, alifika Uganda mwaka 1954. Mumewe, Leonard, alikuwa amepata kazi katika taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, na Mary mwenyewe alikuwa ametoka kufanya kazi chini ya Bowlby. Alikuwa na shaka na nadharia ya bosi wake wa zamani. Wanasaikolojia wa wakati ule walisema mtoto humpenda mama kwa sababu mama ana maziwa, na angempenda yeyote mwenye chakula. Ainsworth alikuja na swali dogo tu: alikuwa amesikia kwamba Waganda wakimwachisha mtoto ziwa humpeleka kwa bibi yake, akataka kuona mtoto anafanywaje na jambo hilo. Akakuta desturi hiyo imeshapungua. Basi akabadilisha kazi, akaamua kukaa na kutazama.

Alitazama familia 26 zenye watoto wachanga 28. Kila nyumba aliitembelea baada ya kila wiki mbili, kwa muda wa saa mbili hivi, akiwa na mkalimani wake Katie Kibuka, na aliendelea hivyo kwa miezi. Hakuwa na maabara. Alikaa sebuleni pamoja na wanawake wengine waliokuja kuzungumza, mtoto akapita kutoka paja hadi paja, naye akaandika. Mtoto humlilia nani anapotoka mlangoni? Nani akirudi mtoto hupiga makofi na kuinua mikono? Akishtuka hukimbilia wapi kuficha uso wake? Katika kupitapita huko kwa mapaja, miezi ya mwanzo mtoto alimchekea kila mtu, halafu kidogo kidogo akaanza kuchagua. Hakuchagua kwa chakula peke yake. Alichagua kwa sababu mtu fulani alimjibu.

Jambo lililomgeuza Ainsworth lilikuwa dogo sana. Mtoto aliyeanza kutambaa alimwacha mama, akaenda kuchungulia kikapu kule, akageuka kumtazama, akasogea mbali zaidi, akarudi kumgusa goti, akaenda tena. Mama aliponyanyuka na kutoka, uchunguzi ulikwisha. Kumbe mama ndiye aliyekuwa akimpa mtoto uwezo wa kwenda mbali. Dau lisilo na bandari halithubutu kwenda bahari kuu. Huthubutu lile lililo nayo.

Huhitaji kwenda Kampala kuliona hili. Kaa barazani kwetu Amani siku ya mechi. Uwanja wa Amaan haupo mbali, umesimama pale tangu 1970, na goli likiingia mtaa mzima husikia. Jioni moja mtoto wa jirani, wa miezi kumi hivi, alikuwa mkekani na kikombe cha plastiki, akikigonga sakafuni na kusikiliza mlio wake. Mama yake alikuwa hatua mbili kutoka kwake, bibi yake hatua tano. Goli likaingia, uwanja ukalipuka. Mtoto aliacha kikombe, akampita mama yake, akaenda mbio kwa magoti mpaka kwa bibi, akazika uso kwenye kanga. Bibi hakusema kitu. Aliweka mkono mgongoni mwake na kuendelea kuchambua mchele. Haikupita dakika, jicho moja likachomoza kwenye kanga, kisha kichwa, kisha mtoto akarudi kwenye kikombe chake. Mama alicheka kwa aibu kidogo. Hakuwa na haja ya kuona aibu. Yeye huondoka alfajiri kwenda hotelini Nungwi na kurudi magharibi, na mtoto amejipatia bandari mbili, ya mchana na ya usiku.

Ainsworth aliwagawa wale watoto 28 katika makundi. Watoto 16 walikuwa na fungamano la utulivu: walimtumia mama kama kituo, walilia kwa sababu na walinyamazika. Watoto 7 walikuwa na wasiwasi. Walilia hata mikononi mwa mama, kana kwamba hawana hakika naye. Watoto 5 walikuwa bado hawajamshika mtu. Kisha akauliza, tofauti inatoka wapi? Wingi wa walezi haukuwa sababu, na mama wote walikuwa na mapenzi. Mama wa watoto watulivu walijulikana kwa jambo lingine: ukiwauliza habari za mtoto, walikuwa nazo. Walijua kilio cha njaa na kilio cha usingizi, walijua anaogopa nini, anacheka kwa nini. Walikuwa wamemtazama. Walifurahia pia kunyonyesha.

Alipohamia Marekani alirudia kazi ile na familia 26 za Baltimore, na ndipo akatunga jaribio linalotumika duniani hadi leo. Watoto wa Marekani walizoea mama kutoka na kuingia, hawakulia kama wa Buganda, basi akawaweka katika chumba kigeni, mama akatoka kwa dakika chache, akarudi. Kinachopimwa hasa ni pale mama anaporudi. Mtoto anamwendea mama, anafarijika na kurudi kucheza? Anamng'ang'ania huku akimpiga? Au anageuza uso na kujifanya yuko na shughuli? Wanaogeuza uso walionekana wakakamavu, mpaka walipopimwa mapigo ya moyo na kukutwa yanakwenda mbio kama ya wanaolia. Mdogo wangu aliyekuwa akitazama ukuta, laiti mtu angemwekea mkono kifuani.

*

Sasa nizungumze na bibi zetu, kwa heshima zote, juu ya mikono. "Usimzoeshe mikono," tunaambiwa, "atakusumbua." Imani ni kwamba mtoto akilia na akabebwa, amefundishwa kulia. Ainsworth na mwenzake Sylvia Bell walilihesabu hili huko Baltimore, wakachapisha mwaka 1972. Watoto ambao vilio vyao vilijibiwa upesi katika miezi ya mwanzo, walipofika mwishoni mwa mwaka walilia kidogo kuliko wale walioachwa. Na walikuwa wamepata njia nyingine za kusema haja zao, kwa sauti, kwa uso, kwa mkono. Aliyejibiwa ana sababu ya kujifunza kuongea. Wapo wataalamu waliobishana na hesabu zile, lakini sijamwona aliyeonyesha kwamba mtoto wa miezi mitatu huharibika kwa kubebwa. Tunayo methali ya samaki mkunje angali mbichi, tumezoea kuitumia pamoja na bakora. Mtoto mchanga anakunjwa kila siku, na kinachomkunja ni yale yanayotokea, au yasiyotokea, baada ya kulia.

Jambo la pili ni idadi ya walezi. Wazungu wengi waliosoma Bowlby walitoka na picha ya mama mmoja na mtoto mmoja ndani ya chumba, wakawatia hofu wanawake wanaofanya kazi. Afrika imewajibu. Katika msitu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, Edward Tronick na wenzake waliwatazama Waefe na kukuta kwamba mtoto wa miezi minne hutumia zaidi ya nusu ya wakati wake mikononi mwa watu wasio mama yake, na wanawake wengine humnyonyesha. Kwa Wakisii wa Kenya, Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman walieleza mwaka 1986 juu ya watoto waliokuwa na fungamano na mama na fungamano lingine na dada au kaka aliyewabeba mchana kutwa. Wakaona jambo la ajabu: waliotulia kwa mama walikuwa na afya nzuri zaidi ya lishe, na waliotulia kwa yule mlezi mdogo walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili. Kila mkono ulikuwa na kazi yake.

Sisi wa visiwani tungepaswa kulijua hili kabla ya wote. Sheria ya dini yetu inatambua uhusiano wa ziwa: aliyekunyonyesha ni mama yako, waliolinyonya ziwa hilo ni ndugu zako, na huwezi kuwaoa. Mtume wetu mwenyewe alilelewa na Halima Saadia jangwani, akabaki kumheshimu kama mama. Maana yake, malezi ya uchanga huzaa udugu, na udugu haufutiki kwa mtu kuhama nyumba. Basi ilikuwaje tukafika kuamini kwamba mtu anaweza kumbeba mtoto mwaka na zaidi, kisha atoweke alfajiri na pasiwe na deni?

Walezi wengi hawamdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni walezi wanaopokezana, huyu miezi mitatu, yule minne, kila mmoja akianza upya kujifunza kilio chake, na kila mmoja akiondoka wakati amekwisha kukijua. Nimehesabu nyumba nilizozifahamu ambamo mtoto wa miaka mitatu amepitia dada wa kazi watano. Wazazi hukumbuka hasara ya nauli na mishahara. Mtoto amefiwa mara tano, na hakuna matanga.

*

Yote haya yanamfuataje mtu hadi ukubwani? Hapa pana maneno mengi ya kutia hofu, na napenda niende polepole.

Mwaka 1975 huko Minnesota watafiti wakiongozwa na Byron Egeland, na baadaye Alan Sroufe pamoja naye, walianza kufuatilia mama 267 wenye maisha magumu na watoto wao. Wale watoto leo ni watu wazima wa umri wa miaka zaidi ya arobaini. Mwaka 2007 Jeffry Simpson na wenzake walitoa hesabu ya watu 78 kati yao waliofika miaka ya ishirini na kuwa na wapenzi. Aliyekuwa ametulia kwa mama akiwa na miezi 12 alielekea kuelewana na wenzake darasa la kwanza hadi la tatu. Aliyeelewana na wenzake alielekea kuwa na rafiki wa siri wa kumtegemea akiwa na miaka 16. Na aliyekuwa na rafiki huyo alielekea kuwa na utulivu zaidi katika mapenzi, hata katika kugombana. Ni mnyororo, pete kwa pete. Miezi 12 haikuruka moja kwa moja hadi kitandani mwa ndoa. Ilipitia uwanja wa shule, ikapitia urafiki.

Mnyororo una faida moja, kwamba unaweza kuungwa popote. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mtu wa miaka 18 mara nyingi hafanani na alivyokuwa akiwa na mwaka mmoja. Wapo waliolelewa vibaya ambao mwalimu wa chuoni, shangazi, mjomba au mume mwenye subira aliwarudishia imani, na wao wakawalea watoto wao kwa utulivu. Wapo waliolelewa vizuri, talaka na misiba ikawayumbisha. Mwanzo unampa mtu mwelekeo, kama upepo unavyolipa tanga, na nahodha bado ana usukani.

Lakini mwelekeo upo. Cindy Hazan na Phillip Shaver waliweka maswali katika gazeti moja la Denver, wakachapisha majibu ya watu 620 mwaka 1987. Zaidi kidogo ya nusu walisema kumtegemea mwenza na kutegemewa naye hakuwapi taabu. Robo hivi walisema mtu akiwakaribia sana wanapata dhiki. Waliobaki, karibu mmoja katika watano, walikuwa na hofu ya daima kwamba hawapendwi kiasi wanachopenda.

Mimi nimewaona wote watatu kwa macho yangu, na nawe umewaona. Yuko mume ambaye mkewe akiumwa humnunulia dawa, humkodia gari, hulipa kila kitu, na hawezi kukaa ukingoni mwa kitanda dakika kumi. Akiulizwa ana nini, hana kitu. Yuko mke anayepiga simu mara nane tangu adhuhuri hadi alasiri, na simu isipopokelewa tayari ameshaachwa moyoni mwake. Tunawaita huyu mkavu na yule mwenye wivu. Huenda wa kwanza aligeuza uso ukutani akiwa na mwaka mmoja, na wa pili alilia mikononi mwa mtu asiyekuwa na hakika naye. Kulijua hili hakuondoi wajibu wa mtu mzima kujirekebisha. Kunaondoa dharau, na dharau imevunja ndoa nyingi katika kisiwa hiki kuliko ufukara.

*

Tunayo desturi ambayo mataifa mengine yanaitafuta kwa fedha, ya kumpa ndugu mtoto alee. Shangazi hana mtoto, bibi yuko peke yake shamba, mama ana mimba nyingine. Mtoto huenda Makunduchi au Chake Chake, na wazazi hubaki wazazi. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, namba 6 ya mwaka 2011, imeiingiza kafala, malezi ya Kiislamu ya mtoto wa mwingine, ndani yake, na mwaka 2015 sheria hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya sera bora kwa watoto. Sifa hiyo tunaistahili. Mtoto asiye na wazazi anahitaji nyumba yenye mtu wake. Hata vijiji vya SOS, na kimoja kiko hapa mjini kwetu, vilianzishwa Austria mwaka 1949 kwa wazo hilo hilo, kwamba kila nyumba iwe na mama mmoja anayebaki.

Ushahidi mzito kuliko wote unatoka Romania. Kuanzia mwaka 2000 Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwachukua watoto 136 waliokuwa katika vituo vya Bucharest, wakapiga kura, nusu wakapelekwa kwa familia za malezi na nusu wakabaki katika utaratibu uliokuwepo. Vituoni walilishwa na kuvishwa, wauguzi wakabadilishana kwa zamu, na watoto wengi hawakuwa na fungamano na mtu yeyote. Waliopata familia walianza kumshika mtu, na waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili walifanikiwa zaidi. Miaka miwili ndiyo muda kamili wa kunyonyesha uliotajwa katika Suratul Baqara. Simlazimishi mtu kuunganisha mambo hayo mawili. Mimi kila nikiyakumbuka hunyamaza kidogo.

Kwa hiyo desturi ya kumpa ndugu mtoto naitetea. Ninachokipinga ni namna tunavyoifanya siku hizi: mtoto anabebwa akiwa usingizini, anaamkia nyumba ngeni, na tunaambiana atasahau. Wazee walikuwa na taratibu. Bibi alikuja akakaa mwezi mzima, mtoto akamzoea akiwa kwao, kisha mama akafuatana nao, akalala huko siku kadhaa, akarudi, akaja tena Ijumaa.

Nakuomba basi, wewe uliye na mtoto mdogo nyumbani. Ukitoka, muage, hata akilia. Mwambie kwamba utarudi, na urudi kweli. Dada wa kazi akikaribia kuondoka, mlete wa pili wiki mbili kabla, wafanye kazi pamoja, mtoto aone mikono ya zamani ikimkabidhi kwa mikono mipya. Mlipe kwa hizo wiki mbili; ni fedha ndogo. Aache kanga yake moja. Apige simu, mtoto asikie sauti. Akija kutembea na mtoto akageuza uso, msicheke. Mwacheni akae mkekani, karibu, asimguse, mpaka mtoto mwenyewe amfuate.

Ta bado anaishi Pemba na ana wajukuu. Mdogo wangu alimpigia simu alipopata mtoto wake wa kwanza, na walizungumza kwa muda mrefu.